Siku tatu bila intaneti kwa sababu ya pasiwedi waliyoninyima

Naandika hasira bado haijanitoka, mnisamehe. Faiba hii nimeitumia zaidi ya mwaka hapa Tabata na kasi yake sijawahi kuilalamikia. Steshenari yangu ya barazani inaitegemea. Lakini walichonifanyia msimu huu wa maombi ya mikopo, vijana wamejipanga hadi getini na bahasha za vyeti mkononi, sitakisahau.

Mjukuu wangu alichomeka kijiti cha meno kwenye kile kitundu cha riseti nyuma ya ruta, akakishikilia. Taa zikazima zote, zikarudi moja moja, na jina la waifai yetu likapotea, likaja lile refu la kiwandani. Hapo sikuhangaika. Nikageuza ruta, nikasoma kibandiko cha chini, nikaingia 192.168.1.1 kwenye kompyuta, nikarudisha jina na pasiwedi ya waifai. Simu zikaunganika. Intaneti hakuna.

Nikaangalia taa. PON, ya mawasiliano na mitambo ya kampuni, kijani, imetulia. LOS, inayowaka mwanga wa faiba ukipotea, imezima. Kwa hiyo waya wa nje ni mzima na mwanga unafika. Ungekatika, LOS ingewaka nyekundu. Nikafungua ukurasa wa WAN, yaani upande wa ruta unaotoka kwenda intaneti: palipokuwa na PPPoE, njia ya kuingia kwa jina na pasiwedi, pameandikwa DHCP, isiyoviuliza, na jina la mtumiaji pamoja na pasiwedi ambavyo kampuni inamtambulia mteja vimefutika. Tatizo nimeshaliona. Nipewe vitu viwili tu, nijaze, nihifadhi, kazi iendelee.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, muziki, kisha kijana. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akaniambia nizime ruta, nihesabu sekunde 30, niwashe. Nikamwambia, mwanangu, hata nikiizima mpaka kesho, pasiwedi haitajiandika yenyewe. Akanyamaza kidogo, halafu:

"Mama, kwanza nani alikuruhusu kuingia kwenye setingi?"

Nani aliniruhusu! Ruta iko sebuleni kwangu, LUKU nanunua mimi, kifurushi nalipia mimi na sijawahi kuchelewa. Akaongeza kuwa hizo taarifa ni za fundi, si za mteja, na kwamba nitafunguliwa tiketi. Naelewa pasiwedi haigawiwi hovyo kwa kila anayepiga simu. Basi niulize namba yangu ya NIDA, niulize nililipa lini mara ya mwisho! Hakuuliza hata moja.

Fundi alikuja siku ya tatu. Muda wote huo nilikuwa nawasha bando la simu, linakwisha kabla mtu mmoja hajamaliza kupakia cheti cha kuzaliwa. Wengine nikawaona wanakunja bahasha zao na kuelekea Relini. Binti mmoja alikaa kwenye benchi langu tangu asubuhi mpaka adhuhuri akiniamini, mpaka nikamwambia mwenyewe, nenda mwanangu, usije ukachelewa.

Fundi mwenyewe, kijana mpole, shikamoo yake ya heshima, alimaliza kwa dakika nne. Jina la mtumiaji kumbe ni namba yangu ya mteja, ile ile iliyo kwenye kila risiti niliyonayo! Pasiwedi akaisoma kwenye simu yake. Kisha akanionyesha nisichokijua: namba ya VLAN, inayotenganisha njia ya intaneti yao ndani ya waya. Ikikosewa hiyo, hata pasiwedi iwe sahihi, ombi la ruta halifiki kwenye mitambo yao. Akahifadhi, taa ya intaneti ikawaka. Akaniandikia vyote vitatu kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati, na akanielekeza jinsi ya kutoa nakala ya mipangilio yote na kuihifadhi kwenye kompyuta, ili siku nyingine niirudishe mwenyewe. Moyo ukalainika. Nikasema hawa nawapa nyota nne, kwa ajili ya yule kijana.

Jioni ikaja meseji: gharama ya ujio wa fundi, shilingi 20,000. Yaani nilipie kuandikiwa namba ambayo iko kwenye risiti yangu? Nyota nimezirudisha zote, ibaki moja, na hiyo ni ya fundi.

Kasi yao ni nzuri, hilo sitalikana. Mkifungiwa faiba nyumbani, fundi asitoke getini kabla hajawaandikia jina, pasiwedi na VLAN. Kifurushi changu kimebakiza siku chache, na mpaka sasa sijaamua kama nitalipia tena.