Seva ya nyumbani: nunua inayojiwasha yenyewe umeme ukirudi

Malalamiko ya wasomaji siku hizi yanafanana. Seva, yaani kompyuta inayokaa imewashwa muda wote kutunza picha na filamu za nyumbani, ilikuwa safi, picha za watoto zote zimo, umeme wa LUKU ukaisha usiku. Asubuhi umeme umerudi, seva kimya. Mwenyewe yuko kazini Posta, mashine iko Mbagala, nyumbani hakuna wa kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo mambo ya kasi naruka. RAM ya GB 8 inatosha, 16 ukipata. Nauliza kitu kimoja tu: umeme ukirudi, inajiwasha?

Namba moja ni kompyuta ndogo ya mezani, Lenovo ThinkCentre M720q ya mtumba, na sifichi mapenzi yangu. Ikitulia inakula wati 10 hivi, kama uniti 7 kwa mwezi. Chaji yake ni ileile ya laptop za ThinkPad, volti 20, mdomo wa mstatili, kwa hiyo ikifa mbadala haukusumbui. Washa, bonyeza F1 uingie BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta), nenda Power, kisha After Power Loss, weka Power On.

Fanya hivyo palepale dukani, kabla hujatoa hela. Nyingi zilikuwa za maofisi huko nje, na baadhi zinafika na nywila ya BIOS ambayo hata muuzaji haijui. Windows inafunguka vizuri, kila mtu anatabasamu, lakini mpangilio huo huugusi. Ukishauweka, chomoa waya ukutani, subiri dakika moja, rudisha. Ikikwama kwenye ujumbe wa saa na tarehe ikingoja ubonyeze kitufe, betri ya CR2032 inayotunza saa ya kompyuta imekufa. Ni kibetri cha bei ndogo, kidai hapohapo.

Ya pili ni HP EliteDesk 800 Mini, BIOS unaingia kwa F10. Ya tatu Dell OptiPlex Micro: F2, halafu AC Recovery. Dell nimeishusha kwa sababu inanuna ukiipa chaji isiyoitambua.

Raspberry Pi hujiwasha yenyewe, ila memori kadi haipendi kukatiwa umeme ghafla. Laptop ya zamani ni ya bei rahisi na ina betri yake, ikivimba, itoe. Tower, ile kompyuta ya boksi kubwa, achana nayo, itakumalizia uniti.

Kwenye programu weka Debian (mfumo endeshi, badala ya Windows) na Docker (inayoendesha programu nyingine), Immich kwa picha, Jellyfin kwa filamu. Proxmox ni ya anayetaka kuendesha mifumo kadhaa kwenye mashine moja. Ukitaka kuifikia ukiwa nje, weka Tailscale, inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha, maana intaneti nyingi za majumbani hazikupi anwani yako mwenyewe ya IP.

Sasa wauzaji. Ukiuliza prosesa ni kizazi cha ngapi, unajibiwa "ni i7 dada, ina nguvu hiyo." Hata kizazi cha pili cha mwaka 2011 kina i7! M720q ni ya kizazi cha 8 au 9, na i5 yake inaiacha mbali hiyo i7 ya zamani. Bei je? "Njoo inbox." Ukienda, unaulizwa kwanza uko wapi na una bajeti gani, ndipo bei itungwe. Andikeni bei chini ya picha, jamani.