Vifaranga vya sato kutoka Tabora mjini: nimenunua mara mbili

Nyota tatu, na ya tatu nimeiongeza juzi tu.

Mwezi wa pili nilichukua vifaranga 300 kwa muuzaji mmoja wa Tabora mjini, shilingi 200 kila mmoja, nipandikize bwawani kwangu Sikonge. Bodaboda alifika saa nane mchana, jua kali, samaki wamerundikwa kwenye madumu mawili yaliyokatwa juu. Enzi hizo Wanyamwezi tulibeba mizigo mpaka Bagamoyo, ila mzigo huu ulitushinda. Walikuwa hai lakini. Nikalipa, nikawamwaga bwawani hapo hapo.

Siku ya tano mmoja akawa anaelea ubavu, mkiani kaota kitu cheupe kama pamba iliyolowa. Kesho yake sita. Wiki mbili zilipoisha nilikuwa nimezika zaidi ya mia. Kumpigia muuzaji: "Mama, si walifika wazima? Maji yako hayo."

Afisa uvuvi ndiye aliyenifungua macho. Samaki akibanana na wenzake, akikosa hewa, akisukwasukwa njiani, mwili wake unamwaga homoni iitwayo kotisoli. Ikija kidogo ikaondoka, inamsaidia: inampa nguvu ya kukabili shida. Ikikawia, chembe nyeupe za damu zinapungua, kinga inalegea, na fangasi ambao kila siku wamo majini wanapata pa kushika. Samaki hana tezi juu ya figo kama sisi. Kotisoli yake inatengenezwa kwenye figo ya mbele, karibu na kichwa, humo humo zinamozaliwa chembe za kinga. Nimepasua samaki tangu utoto wangu, hilo sikulijua! Ndiyo maana vifo vinakuja siku kadhaa baadaye, bodaboda keshaondoka na hela.

Mwezi wa saba nilimrudia muuzaji, safari hii kwa masharti. Samaki walishinda njaa siku nzima kabla ya safari, wasichafue maji. Walisafirishwa alfajiri kwenye mifuko, theluthi maji, kwingine oksijeni. Mimi nikaiacha mifuko ielee bwawani dakika 20 joto lilingane, ndipo nikafungua. Kati ya 300 wamekufa tisa.

Ila mifuko alinitoza 5,000 kila mmoja, bei nimeijua mzigo ukiwa mlangoni. Na wale mia wa kwanza, hata pole hajanipa.