Turbo haikuwa mbovu, paipu ndiyo ilikuwa ya kijinga

Nimekaa na hasira hizi muda sasa, nikijiambia zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naandika.

Gari langu ni Chevrolet Nova ya 1970. Niliipeleka gereji moja yenye sifa ing'olewe injini ya zamani, iingizwe V8 ya lita 5.3 iliyotoka kwenye pikapu ya Silverado, na turbo moja juu yake, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Wanaocheza na gari za Kimarekani za zamani wanajua hili si jambo geni: injini hizo zilitengenezwa nyingi mno, bloku ni ya chuma, na zinavumilia mateso. Habari za nguvu za farasi atafute anayezitaka. Mimi nazungumzia moshi.

Siku ya kukabidhiwa gari liliwaka vizuri, nikatoka nalo kifua mbele. Nikasimama kwenye taa. Injini ilipotulia tu, moshi wa buluu ukaanza kumwagika kwenye ekzosi, mzito, mpaka wa nyuma yangu wakafunga vioo. Ukikanyaga mafuta unapungua. Ukisimama, huo tena.

Nikarudi. Mwenye gereji hata kwenye kiti hakuinuka. "Bosi, sili za turbo zimekufa. Turbo uliyoleta ni feki, tafuta nyingine." Nikatafuta nyingine, mpya kabisa. Ikafungwa. Moshi ule ule, rangi ile ile.

Sasa turbo mbili tofauti zikiumwa ugonjwa mmoja, kosa bado ni la turbo? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa upole, na Mungu ni shahidi wangu. Akaangua kicheko mbele ya vijana wake: "Wewe ni mteja au ni fundi? Gari limenizidi umri, lisitoe moshi?" Jamani, bodi ndiyo ya 1970! Injini na turbo zina uhusiano gani na umri wa bodi?

Nikachukua tochi, nikaingia uvunguni mwenyewe. Paipu inayorudisha oili kutoka kwenye turbo ilikuwa inashuka, inapita chini ya chasisi, halafu inapanda tena kuelekea kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Katikati imefanya kitumbo kama nyoka aliyemeza panya, na chini ya kitumbo hicho, kwenye klipu, tone la oili limening'inia.

Asiyejua aelewe ubaya wake. Oili huingia kwenye turbo kwa presha, ikalainishe shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ikishapita kwenye beringi haina presha tena. Inatoka na povu, na kinachoirudisha kwenye sampu ni mteremko tu. Ndiyo maana paipu hiyo inatakiwa iwe nene, ishuke moja kwa moja, na iingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ukiiwekea kilima, oili inajaa na kurudi nyuma. Na zile tunazoziita sili, vizuizi vya oili ndani ya turbo, si mpira, ni viringi vya chuma, havijaumbwa kuzuia bwawa. Oili inavipita, inaingia kwenye ekzosi ya moto, na huo ndio moshi wa buluu. Hii ni elimu ya mwanzo kabisa kwa mtu anayejiita fundi wa turbo.

Nikawaonyesha. Hakuna aliyesema pole. Wakahamisha tundu kwenye sampu, wakanyoosha paipu, moshi ukakatika hapo hapo. Halafu wakanidai pesa ya ufundi! Ya kurekebisha uzembe wao wenyewe! Nilikuwa nimeshaamua nyota moja, tena kwa kuwa haiwezekani kutoa sifuri.

Ila haki isemwe. Waliongeza mwanya wa ringi za pistoni bila kuambiwa, na mwanya wa kiwandani ni mdogo kwa turbo: joto likizidi ncha za ringi zinagongana zenyewe kwa zenyewe, na pistoni inavunjika. Sampu ya pikapu inaning'inia chini mno kwenye Nova, nao wakaweka ya Camaro ya miaka ya 1998 hadi 2002. Waya zote zimepitishwa mbali na joto la turbo na kufungwa vizuri, kazi safi kuliko nilivyotarajia. Presha ya hewa ya turbo wameiacha ya kiasi, kama nusu bar. Na ukikanyaga, weee! Kimya kidogo, mluzi unapanda, halafu mgongo unazama kwenye siti na boneti inanyanyuka. Nimejikuta nacheka peke yangu barabarani. Kwa kazi hiyo nyota nne ni halali yao.

Nne? Hapana. Nikikumbuka kile kicheko zinashuka mbili. Ukiwa na gari la aina hii na unawaamini, wapelekee injini, lakini paipu ya oili ikague kwa macho yako kabla hujalipa, na usikubali kuambiwa wewe ni mteja tu.

Na ile turbo ya kwanza, iliyoitwa feki, walibaki nayo. Nikipiga simu naambiwa fundi ametoka. Haikuwa na kosa lolote. Naitaka, pamoja na flenji zake.