Uzoefu wangu: Defender ilinasa kirusi, lakini kutafuta faili kulikwama kwa sababu nyingine

Ninatunza hesabu za mauzo ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na ankara zote ninazihifadhi kwenye kompyuta mpakato kuukuu yenye Windows 10. Mwezi uliopita mteja wetu wa Kongo aliomba nakala ya ankara ambayo sikukumbuka niliiweka wapi. Niliandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho chini ya skrini, nacho hakikuleta kitu.

Nilishuku virusi papo hapo, kwa kuwa siku mbili kabla yake nilichapisha hati kwenye duka la steshenari, na fleshi yangu ikarudi ikiwa na njia za mkato mahali palipokuwa na folda. Fundi niliyemwendea alitazama kidogo, akasema dawa ni kupiga windo upya, yaani kusakinisha Windows upya. Nilikataa, kwa kuhofia ankara zangu na, niseme ukweli, kwa ubahili.

Badala yake nilitumia uchunguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, programu ya kupambana na virusi, ambao umo ndani ya Windows na haulipiwi. Kwanza nilinunua bando ili kusasisha orodha yake ya virusi. Kisha kompyuta hujiwasha upya na kuchunguzwa kabla Windows haijapanda, hivyo kirusi hakipati nafasi ya kujificha nyuma ya programu nyingine. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua kama dakika 15. Kwangu ilikaribia 40, na kirusi kilinaswa. Folda za kwenye fleshi hazikuwa zimefutwa bali zilifichwa kwa kupewa sifa za faili za mfumo, nami nilizirudisha kwa amri ya attrib -h -r -s /s /d.

Hata hivyo, kisanduku kilibaki bubu. Nilipofungua services.msc, yaani orodha ya huduma za Windows, nilikuta huduma ya Windows Search, inayoshughulikia kutafuta faili, imezimwa kabisa, jambo ambalo programu hasidi huweza kulifanya. Kabla ya kuhukumu, nilimpigia simu kijana aliyeisafisha kompyuta hiyo mwaka jana, naye akajibu bila kusita: "Niliizima mimi, kaka, diski yako ilikuwa inalemewa." Kwa kuwa kwa kawaida nafungua folda moja kwa moja, sikuwahi kugundua.

Kwa hiyo Defender ninaisifu kwa kazi yake, ila asiitegemee mtu kurekebisha mipangilio iliyovurugwa. Hiyo nililazimika kuifanya mwenyewe. Niliirudisha huduma ijiwashe yenyewe, nikaagiza faharasa, yaani orodha ambayo kisanduku hutafutia faili, ijengwe upya, na kompyuta ikakesha ikifanya hivyo. Asubuhi jina la mteja lilileta ankara saba. Diski sasa inakoroma kama kijana alivyonionya, nami nimeiacha ikorome.