Kilti ya kukodi Glasgow: nyota nne, lakini suruali haijang'oka

Kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, nimeikodi katika duka moja hapa Glasgow kwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Mzee wa duka alinipima usawa wa kitovu, juu kabisa ya pale ninapofungia suruali, kisha akashusha futi hadi katikati ya goti. Kilti kamili hula kama mita saba za sufu. Marinda yote yako nyuma. Mbele ni bapa, kitambaa kimepishana na kufungwa kwa bizimu ubavuni. Uzito wake unausikia, na ndio unaokustiri upepo ukivuma.

Mtu wa Mombasa aliyezoea kikoi hashtuki kuachwa miguu wazi. Nilichoshtukia ni joto! Kiuno kilihifadhika vizuri, soksi ndefu zikafanya kazi yake, baridi ikaambulia magoti tu. Na kwenye ngoma zao za ceilidh, ukizunguka marinda yanafunguka yote. Suruali haina raha hiyo.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya sporran, ule mkoba wa mbele. Kilti haina mifuko, kwa hiyo simu na funguo vyote humo, na kifungo cha niliopewa kilikuwa kimelegea. Halafu kila ukikaa, sharti upitishe mkono nyuma kulaza marinda.

Wenyeji niliokaa nao meza moja huivaa harusini na kwenye raga pale uwanja wa Murrayfield, Edinburgh. Jumatatu ni suruali. Nami nimo humo. Kwa harusi nitakodi tena. Kwa basi la asubuhi na mvua ya Novemba, la.