Nyumba ya mwanasesere ya kisasa: kifurushi kizuri, sakafu nyembamba

Ukitaka kujua kama fundi wa kifurushi alifikiri, anza na ngazi. Hii ni nyumba ya mwanasesere ya mbao, inayouzwa vipande vipande kwenye boksi ili uiunganishe mwenyewe, ghorofa mbili, paa bapa, madirisha marefu yanayolala, na ngazi zake hazina nguzo wala mkono wa kushikia. Kila daraja ni kibao kinachochomekwa kwenye tundu lake ukutani. Nilichomeka cha kwanza bila gundi, kikakaa. Nikachomeka vyote, vikakaa, hakuna kinachocheza wala kinachohitaji kupigwa nyundo. Leza imekata kwa usahihi ambao mkono wangu wenye msumeno haufikii, na kwa hilo pekee nawapongeza walioichora.

Usahihi huo unahitajika sana hapa. Nyumba za mtindo wa zamani nilizozizoea zina huruma: ufa wa milimita moja unafunikwa na ukanda wa marembo, mambo yanaendelea. Mtindo wa kisasa hauna pa kufichia. Ukuta mweupe unakutana na dari nyeupe, na ufa ule ule unauona ukiwa mlangoni. Kwa hiyo jengeni kwanza nyumba nzima bila gundi, mkiishikilia kwa utepe wa karatasi, kisha mpime kutoka pembe hadi pembe inayokabiliana nayo, pande zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, pembe za nyumba ziko sawa. Visipolingana, isukumeni taratibu hadi vilingane, ndipo gundi itoke.

Karatasi ya maelekezo inasema gundi kwanza, rangi baadaye. Mimi nasema rangi kwanza. Mkishafunga kuta, brashi haifiki nyuma ya ngazi, na mistari safi ndiyo uzuri wote wa nyumba hii. Ila zibeni kwa utepe ndimi zote (ncha za vibao zinazochomekwa) na matundu yake kabla ya kupaka, maana gundi ya mbao hufanya kazi inapoingia kwenye nyuzi za mti, na juu ya rangi haina pa kuingia. Kingo zilizoungua kwa leza zipigeni msasa hadi weusi uishe, la sivyo hudhurungi yake hupenya kwenye rangi nyeupe hata ukipaka mara ya pili. Rangi ya maji huamsha nyuzi za mbao, hivyo baada ya kupaka mara ya kwanza pitisha msasa namba 240 kidogo tu. Na kila kibao kipakwe pande zote mbili. Plaiwudi nyembamba ikipakwa upande mmoja hujikunja.

Sasa lawama. Sakafu ya ghorofa ya juu ni plaiwudi ya milimita 3, na roshani yake inatokeza mbele hewani bila nguzo chini. Umbo zima linakumbusha Villa Savoye, nyumba ya wasanifu majengo Le Corbusier na Pierre Jeanneret, iliyokamilika mwaka 1931 kule Poissy, Ufaransa: sanduku jeupe lililoinuliwa juu ya nguzo nyembamba. Lakini nyumba ile ina nguzo zilizopangwa kwa safu chini ya sakafu yake yote. Hapa wameiga sura, wakaacha kinachoibeba. Mtoto akiegemeza kiwiko, roshani inalegea. Niliongeza vipande vya mbao vya milimita 10 kwa 10 chini ya sakafu, nikavipaka rangi ya dari. Sasa inabeba bila kulalamika na macho yanavichukulia kuwa boriti. Hivyo vilistahili kuwemo kwenye boksi.

Boksi pia linadai nyumba inafaa wanasesere wote. Si kweli, na mtoto ndiye atakayeumia kwa ahadi hiyo. Vyumba vina kimo cha sentimita 24. Kwa kipimo cha 1:12 (sentimita moja kwa kila 12 za kweli), ambacho ndicho cha ngazi na milango yake, mwanasesere wa mtu mzima ana sentimita kama 14, na anatembea humo kwa raha. Barbie ana sentimita 29. Hawezi kusimama chumba chochote. Muulizeni mtoto anacheza na nani kabla ya kununua.

Madirisha ni ya akriliki, plastiki angavu kama kioo, yana ngozi ya plastiki pande zote mbili. Msiibandue hadi siku ya mwisho, na msitumie gundi ya papo kwa papo karibu nayo, kwani mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Mfuo uliochongwa kwenye fremu unatosha kuyashika.

Kuna jambo moja sikulivumilia hata kidogo. Taa zinatumia betri bapa ndogo, na kifuniko chake hufunguka kwa ukucha. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza mwili ndani ya saa mbili. Niling'oa mfumo huo wote, nikaweka kisanduku cha betri za kawaida chenye kifuniko cha bisibisi, nikakifungia nyuma ya ukuta. Anayeuza kitu cha mtoto hapaswi kumwachia mzazi kazi hiyo.

Je, ninunue tena? Ndiyo, na mpwa wangu amekwisha kuomba kingine cha rafiki yake. Mwenye mbao na jioni za kutosha anaweza kuchora yake mwenyewe kwa plaiwudi ya milimita 6 na akapata nyumba imara zaidi. Lakini zile ngazi za hewani hatazipata kwa msumeno wa mkono, nami kila nikipita hapo ndizo ninazozitazama kwanza. Mtengenezaji abadilishe sakafu na kifuniko cha betri, nami nitaipendekeza bila masharti.