Tathmini ya gp3, diski ya wingu ya Amazon: kila programu na fungu lake

Anayekodi diski kwenye wingu hugawana mitambo ya hifadhi na wateja asiowajua, kwa hiyo kabla ya kuuliza ukubwa wa diski anapaswa kuuliza atabakiwa na kasi gani jirani yake atakapoanza kuandika data nyingi kwa mkupuo. Kwa kigezo hicho, gp3, diski ya EBS (huduma ya Amazon ya kukodisha diski za seva) iliyotolewa Desemba 2020, ni bidhaa nzuri, tena inaizidi mbali gp2 iliyoitangulia.

Katika gp2, kasi hufuata ukubwa: kila gigabaiti huleta operesheni 3 za kusoma au kuandika kwa sekunde, hivyo diski ya gigabaiti 100 hupata 300 tu za kudumu. Diski ndogo huruhusiwa kupanda hadi 3,000 kwa kutumia akiba iliyojikusanya wakati wa utulivu. Akiba iliyojaa hutosha takriban nusu saa ya kazi nzito, kisha hifadhidata iliyokuwa ikijibu upesi hurudishwa kwenye 300, na hilo hutokea hasa pale watumiaji wanapokuwa wengi. Njia ya kulikwepa ilikuwa kununua nafasi isiyohitajika, jambo ambalo sioni uhalali wake. Kwa gp3, kasi na ukubwa vimetenganishwa: kila diski, hata iliyo ndogo, ina operesheni 3,000 na megabaiti 125 kwa sekunde bila kutegemea akiba yoyote, anayetaka zaidi hulipia kasi peke yake, na bei ya kila gigabaiti ilitangazwa kuwa pungufu kwa asilimia 20.

Hata hivyo, uhakika huo wa kasi unaishia kwenye mpaka wa diski. Programu mbili zikiwekwa kwenye diski moja, gp3 haitambui ipi inapokea malipo ya wateja na ipi inatengeneza nakala rudufu. Inayotuma maombi mengi ndiyo itakayochukua sehemu kubwa. Kugawa ni kazi ya msimamizi, ama kwa kuipa kila programu diski yake, ama kwa cgroup za Linux (makundi ya programu yanayopangiwa matumizi ya mitambo), ambamo mpangilio wa io.max huweka kikomo na io.weight hugawa kwa uzito. Kwa hifadhidata, ninapendekeza diski ya peke yake bila kusita. Seva nayo ina ukomo wake wa kupitisha data kwenda EBS, na kasi iliyonunuliwa kupita ukomo huo haitumiki, kwa hiyo jedwali la ukomo wa seva lisomwe kabla ya kulipia ziada.